Kuzamia kwa Tiketi

Jumatatu, 12 Januari 2026

Leticia amepiga simu saa moja asubuhi, uji bado wa moto mezani. Imekubaliwa! Mfanyakazi akitimiza miaka mitatu kwenye meli yao anaruhusiwa kuwachukua wazazi wake safari moja, na yeye ametimiza Desemba. Kabini yenye dirisha. Mombasa, Pemba, Tanga, Maziwe, Unguja, tunashukia Dar es Salaam. Na si meli ya kusafirisha watu na magunia. Ni ya watu walio likizo, wanaokwenda kuzamia. Asubuhi wanashuka chini kuangalia samaki na matumbawe, mchana wanakula, jioni wanasimuliana walichokiona.

Mimi nimezamia miaka thelathini na moja na sina cha kusimulia. Sijaona kitu! Maji ya gatini ni kama uji wa mtama. Ukiwasha taa unaona mwanga wa taa, basi. Nguzo nimezikagua kwa mikono, nimezikwangua kwa mikono, nimechomelea kwa kupapasa. Hata leo nipe boliti nimefumba macho, nitakutajia ukubwa wake. Lakini samaki akiwa hai, ndani ya maji yake, sijamwona. Miaka sitini na minne.

Mke wangu Ruthi anasema yeye anakuja kula na kukaa. Bahari ataitazama kwa juu.

Jirani Timotheo kacheka mpaka kakaa chini. Anasema vijana wa hapa wanazamia meli kwenda Ulaya bila tiketi, wanajificha kwenye makontena, na mimi uzeeni nazamia meli kwa tiketi, na mke juu.

Jumatano, 14 Januari

Mpango wa kuzamia. Nimeuchora kwenye karatasi ya grafu, kama kazini. Siku, mahali, kina, dakika, maji.

Mwezi mpevu ni tarehe moja Februari. Kwa hiyo tarehe tatu, tukiwa Tanga, ni bamvua, kujaa na kupwa kukubwa. Maji yanatoka kwenye ghuba yakikimbia. Atakayeingia upande wa nje wa kisiwa cha Yambe kabla hayajasimama atachukuliwa kama jani. Lazima iwe saa tano na zaidi. Nimeandika hivyo na kupigia mstari.

Jumatatu Misali, kule Pemba, mita kumi. Jumanne Yambe, mita ishirini na nane. Jumatano Maziwe, mita kumi na tano. Mstari wa kushuka nimeuchora kwa penseli, wa kupanda kwa wino mwekundu. Kushuka anaweza yeyote.

Ruthi kauliza kama huko melini hawana mtu wa kupanga hayo. Nimemwambia wanaye, lakini si mimi.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda Tongoni kwa Castory. Huyu ndiye aliyekuwa mshika kamba wangu miaka ishirini na miwili. Mimi chini, yeye juu ya boti, kamba katikati. Mtu pekee niliyewahi kumpa uhai wangu kila siku bila kumsalimia vizuri.

Sasa anafuga mbuzi, macho yamepungua. Nikamfunulia mpango wangu wote. Akapitisha kidole kwenye karatasi, akafika Jumanne, akasimama.

"Hiyo meli ina fomu ya afya?"

Nikasema kila meli ina fomu.

"Utawaambia ya boya?"

Nikasema hayo ni yangu na yake. Hakubisha. Akaita mjukuu alete chai. Tukaongea mbuzi mpaka nikaondoka.

Nitaandika hapa, maana hapa hasomi mtu. Oktoba 1999. Boya la mlango wa ghuba lilikuwa limeachia mnyororo. Mita ishirini na nane. Jedwali la uzamiaji lilinipa dakika ishirini. Pini ya mwisho ikagoma. Castory akavuta kamba mara nne, maana yake panda. Nikavuta mara moja, maana yake bado. Akavuta tena. Bado. Mara ya tatu nikamjibu kwa hasira. Nilikaa dakika hamsini na moja kwa sababu sikutaka kwenda juu kumwambia msimamizi nimeshindwa. Pini ikaingia. Halafu kompresa ikaanza kukohoa, hewa ikawa nyembamba kwenye mpira, nikapanda moja kwa moja. Kupanda kunataka vituo. Unasimama, unangoja damu itulie, unapanda kidogo, unasimama tena. Sikusimama popote.

Nusu saa baadaye bega likauma. Kisha miguu ikafa. Kuanzia kiunoni nilikuwa gunia. Castory akanibeba mgongoni, akamwambia msimamizi nina malaria, akamwambia Ruthi hivyo hivyo. Asubuhi miguu ikarudi. Goti la kushoto halikurudi lote.

Kitabu cha kazi cha siku ile kinasema dakika ishirini, hakuna tatizo. Mwandiko ni wangu.

Na nilipostaafu kampuni ikanipa cheti: miaka thelathini na moja bila ajali. Kiko sebuleni, juu ya televisheni. Leticia ndiye aliyekiwekea fremu.

Jumatatu, 19 Januari

Fomu imekuja kwenye simu. Imetoka kwa mkuu wa uzamiaji wa meli – Nasma, kumbe ni mtoto wa Chongoleani, hapa hapa ng'ambo ya ghuba! Kaanza na shikamoo, kisha maswali thelathini na manne. Moyo, mapafu, masikio, kifafa. Swali la ishirini na moja: umewahi kuugua ugonjwa wa wazamiaji?

Nimejaza. Yote hapana.

Jumapili, 25 Januari

Leticia alishamwandikia mchungaji. Baada ya matangazo tukaitwa mbele, mimi na Ruthi, tuombewe safari. Mchungaji akasimulia usharika wote: mtoto wa mkata mkonge wa Mwera, baba yake Yona alitoka Kasulu kwa miguu na lori, na huyu akaenda kujifunza kazi ya chini ya bahari, miaka thelathini na moja bila ajali hata moja. Walipiga makofi! Mama yangu angelisikia. Nilinyoosha mgongo. Ruthi alikuwa na kofia mpya.

Goti liliuma wakati wa kupiga magoti. Nililiacha liume.

Jumamosi, 31 Januari

Tumo melini. Naandika kwenye meza ya kabini, kuna taa yake.

Tuliondoka Tanga alfajiri. Horohoro tulikaa saa moja na nusu kwa sababu Ruthi alibeba mihogo mibichi na ofisa alitaka kujua mihogo inakwenda likizo gani. Ruthi akaigawa pale pale kwa wenye foleni. Mombasa saa saba mchana.

Meli ni nyeupe, si kubwa. Abiria themanini. Nimepita kando yake gatini mara mbili kabla sijapanda nikaangalia mstari wa maji. Imetunzwa. Upande wa kushoto nyuma kuna mshono uliochomelewa upya na aliyeuchomelea anajua kazi.

Na juu ya ngazi – Leticia. Sare ya bluu, beji, nywele zimebanwa nyuma. Kumbe ni msimamizi wa mapokezi, hakutuambia. Kuna watu wanne chini yake. Alitupa mkono kwanza kama abiria, "Karibuni melini," kisha akashindwa, akamkumbatia mama yake mbele ya Wazungu wote. Nilitazama pembeni. Moshi wa bandari ya Mombasa unaingia machoni.

Kila anayepita tunatambulishwa. This is my father. Thirty-one years, no accident. Mpishi anajua. Kijana wa mizigo anajua. Nahodha kanipa mkono, kaniambia ni heshima.

Jumapili, 1 Februari

Sipendi kuyaandika ya leo. Naandika.

Nasma ni binti mwembamba wa miaka ishirini na tisa, kilemba kimebana, sauti ya chini. Kaniamkia vizuri. Kisha kasema kila anayezamia na yeye anaanza kwenye bwawa la kuogelea, cheo chake kiwe chochote. Bwawa! Maji ya buluu mpaka kifuani. Nimeingia humo pamoja na maharusi wawili, kijana mmoja, na mama wa makamo kutoka Poland ambaye ni daktari wa meno.

Nilikuwa nimesahau jambo moja, au sikutaka kulikumbuka. Sisi hatukuwahi kubeba hewa. Hewa ilitoka juu kwa mpira. Tulivaa mkanda wa vipande vya risasi kiunoni na viatu vizito, tukatembea chini kama watu wa shambani. Sasa nimefungwa mtungi mgongoni, koti la kujaza upepo, na mapezi miguuni. Nikaegemea mbele kidogo, mtungi ukanigeuza. Miguu juu. Nikabaki nimeelea kama pipa, mbele ya watu, na mama wa meno akanishika mkono akanigeuza taratibu.

Mara tatu!

Ruthi alikuwa kwenye kiti na juisi yake. Hakucheka. Hilo ndilo baya zaidi.

Nilitoka nikamwambia Nasma haya ni mambo ya watoto, mimi nimefanya kazi kina ambacho hawa hawatakiona. Akasikiliza mpaka nikamaliza. Akasema anajua, na kwamba kesho kule Misali hakuna sakafu ya kusimamia, kwa hiyo ama nijue kuelea au nibaki juu. Kisha akangoja, kama mtu mwenye muda.

Nimerudi bwawani saa tisa, wengine wamelala mchana. Peke yangu na yeye. Saa nzima. Akanionyesha kwamba unaelea kwa pumzi – ukivuta unapanda kidogo, ukitoa unashuka. Mapafu ndiyo usukani. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyeniambia! Saa kumi na robo nilikuwa nimelala juu ya sakafu ya bwawa, kiganja kimoja juu ya vigae, sigusi, sipandi, sishuki.

Akanipa ishara ya sawa. Nikajibu. Nilijisikia kama siku niliyopewa ufunguo wa kwanza wa karakana.

Jumatatu, 2 Februari

Misali.

Sijui nianze wapi. Tulishuka saa tatu na dakika kumi, mita kumi, dakika thelathini na nane. Hayo ni ya kitabu cha kazi.

Nimeona vidole vyangu. Nilishuka nikiwa nimenyoosha mikono mbele, mazoea, natafuta nguzo. Kisha nikaona ni mikono yangu. Kumi. Kovu la moto wa kuchomelea kwenye kidole gumba, nikaliona lile kovu mita kumi chini ya bahari kama niko sebuleni.

Samaki wa njano, wamepangana kama wanafunzi mstarini. Mwingine mwenye mdomo kama kasuku, anauma jiwe, nasikia anavyolitafuna! Sikujua kwamba huku chini kuna sauti. Kwetu ilikuwa mlio wa kompresa tu. Kasa mmoja alipita chini yangu, hana haraka, akanitazama kwa jicho moja, akaendelea na safari zake.

Nililia ndani ya miwani. Ikajaa. Nikaitoa maji kama nilivyofundishwa jana, puani, nikaendelea kutazama.

Mama wa meno alikuwa anaogopa. Mita nane alisimama akakataa, macho makubwa. Nasma akakaa naye mpaka akatulia. Binti huyu ana subira ambayo mimi sikuwa nayo kazini hata siku moja.

Mchana nikasoma ubao wa mipango: "Jumanne, Yambe, saa 3 asubuhi." Nikasema hapa sasa. Saa tatu, bamvua, upande wa nje? Nikamfuata Nasma na karatasi yangu ya grafu. Nikamweleza maji ya ghuba yetu, kwa upole, kama mtu mzima. Akafungua daftari lake. Saa tatu ni boti kuondoka na maelekezo. Kuingia majini ni saa tano na dakika ishirini, maji yakisimama. Ameandika hata dakika ambazo yatakaa kimya kabla hayajageuka. Baba yake anatega madema pale pale tangu hajazaliwa.

Nikakunja karatasi. Kisha nikaikunjua tena nikamwachia. Mtoto wa Chongoleani! Tanga imezaa watu.

Akaitazama muda mrefu. Kasema imechorwa vizuri kuliko za chuoni alikosoma. Ishirini na nane hapana. Mtu wa siku ya pili hampeleki zaidi ya mita kumi na mbili. Lakini kwangu, kwa rekodi ile, atanipeleka kumi na nane.

Kwa rekodi ile.

Nimemshukuru. Ruthi kauliza kwa nini sili.

Jumanne, 3 Februari

Asubuhi.

Saa kumi na mbili tuliingia ghuba ya Tanga. Usambara yote iko wazi nyuma ya mji, haina wingu. Miaka yote nimeiangalia bahari nikiwa kwetu. Leo nimekuangalia kwetu nikiwa baharini, nimevaa shati la maua alilonunua Leticia.

Akaja na abiria kama kumi na wawili pale kwenye ukingo, na vikombe vyao vya kahawa. Kaniomba niwaonyeshe. Nikawaonyesha gati. Zile nguzo. Kila moja nimeikumbatia. Nikawaeleza jinsi tulivyofanya kazi kwa vidole, Leticia akitafsiri, na Kiingereza chake kikienda kama maji. Mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Nikajiona mrefu.

Kisha mama wa meno akauliza kitu na Leticia akageuka kwangu anacheka. "Anauliza, kweli hakuna lolote? Miaka yote hiyo, hata mara moja?"

Watu wote wananitazama. Mtoto wangu ananitazama.

Nikasema, "Hata mara moja."

Makofi.

Nimeshuka kabini kuandika haya. Boti inaondoka saa tatu.

Jioni.

Sikuzamia.

Tulikuwa tumekwisha kuvaa. Boti imefunga kwenye boya karibu na Yambe, maji yanazidi kupungua kasi, kama alivyoandika Nasma. Alikuja kukaza mikanda yangu mwenyewe. Akainama, akaniambia kwa Kiswahili wengine wasisikie: yule mama ataogopa tena, na yeye Nasma atakuwa mbele na maharusi. Mimi nikae nyuma ya mama mpaka mita kumi na mbili, kina chake. Akisimama nimshike mkono, nimwangalie machoni, nipumue polepole mpaka afuate pumzi yangu. "Ningemwambia mwingine yeyote hapa nisingelala usingizi," akasema. "Kwako sina wasiwasi."

Nilimtazama yule mama. Anafunga na kufungua miwani yake, anafunga na kufungua. Nikafikiri, mita kumi na mbili. Nikafikiri, mkono wangu kwenye mkono wake, halafu miguu yangu ife.

Nikafungua mkanda.

"Nasma, fomu yangu ina uongo."

Nikamwambia. Boya, dakika hamsini na moja, miguu, malaria. Si maneno mengi. Nilidhani ni mengi miaka ishirini na sita yote, kumbe yanaisha kabla mtu hajavaa pezi la pili.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akachuchumaa mbele yangu, mikono magotini.

"Jana nilikushusha. Mita kumi, Mzee. Ungeharibika mikononi mwangu, mimi ningewaambia nini watu? Mama Leti ningemwambia nini?"

Nikasema usingekuwa na la kusema, ungetafuta kosa lako maisha yako yote na usilione. Ndiyo maana nimekuja kwako.

Akainuka. Kisha akaniambia nivue vifaa, kwamba ataandika, na kwamba lazima nikaonane na daktari wa meli leo leo. Akampanga upya yule mama, akamwambia leo atakaa mita sita na msaidizi. Akatazama maji. Saa tano na dakika ishirini kamili wakaingia. Nilibaki kwenye boti na mwendesha boti. Nilihesabu mapovu yao. Tisa walishuka, tisa walipanda. Walisimama kituo chao mita tano, dakika tatu, wote, kama ulivyo utaratibu. Niliwaona toka juu jinsi maji yalivyo safi. Ulikuwa mpango mzuri sana, nasema mimi.

Dk. Asaad ni mtu wa Muscat, lakini babu yake alikuwa na minazi Pangani, na Kiswahili chake ni cha huko, cha kizamani. Kanigonga magoti, kanitembeza mstari mmoja, kanichoma kwa sindano nyayoni. Mguu wa kushoto kuna mahali nilisema sindano imegusa na haikuwa imegusa. Kasema hawezi kuamua peke yake. Amemwandikia bingwa wa magonjwa ya wazamiaji. Jibu litakuja kesho. Inawezekana nikaruhusiwa maji ya kina kifupi. Inawezekana nisizamie tena maisha yangu.

Ruthi nilimwambia hapa kabini. Aliendelea kukunja nguo. Akasema malaria isiyo na homa hajawahi kuiona, na kwamba alinikanda miguu ile usiku kucha, anaijua miguu ya malaria na anaijua isiyo ya malaria. Alingoja nimwambie mwenyewe. "Nikaona mwaka huu hapana, mwaka ujao. Ndiyo imekuwa hivi." Akanipa soksi nikunje.

Leticia ndiye mgumu. Alikuja saa moja, bado na sare. Nasma alikuwa amekwisha kuandika ripoti, na ripoti hupita mapokezi. Ameisoma kwenye mashine kabla sijamwambia. Hilo ni kosa langu la pili leo.

Hakukaa.

"Nimewaambia watu wote, Baba. Nahodha. Mchungaji. Nilikuwa naandika kwenye barua za kuomba kazi, kwamba nimelelewa na mtu wa namna hiyo."

Nikasema najua.

"Asubuhi nilikuuliza mbele yao."

Nikasema najua. Akasema alikuwa na miaka mitatu, lakini anakumbuka siku moja alitaka kupanda mgongoni kwangu na nikamsukuma, na alidhani amekosa.

Nikamwambia tu, "Na hili kawaambie."

Akaondoka. Akafunga mlango taratibu, kama wanavyofundishwa.

Jumatano, 4 Februari

Maziwe. Kisiwa cha mchanga mtupu, maji yakipwa ndiyo kinajionyesha. Wazamiaji wameondoka na Nasma. Kabla hajaondoka aliniletea karatasi yangu ya grafu. Kwa leo amefuata dakika zangu, kasema, ila kina amepunguza mita tatu. Nilitazama. Yuko sahihi, mita tatu zile zilikuwa za majivuno.

Hakunichekea. Lakini aliniita Mzee, kama jana.

Kifungua kinywa nilikwenda peke yangu. Ruthi analala, anastahili. Nilikaa nyuma ya nguzo, pale kwenye mashine ya kahawa, sikutaka makofi ya mtu. Nikasikia sauti ya Leticia upande wa pili. Anaongea na mama wa meno na wengine wawili watatu. Kiingereza changu si kizuri lakini sauti ya mwanangu naijua. Ni ile ile ya siku tuliyopanda. My father. Thirty-one years. Nikaweka kikombe chini.

Akasema kulikuwa na ajali moja, mwaka tisini na tisa, alipokaa chini kupita muda. Kwamba aliificha. Kwamba aliificha kazini, akaificha nyumbani, na jana asubuhi aliwaficha wao pale ukingoni. Na kwamba kwenye boti, alipokabidhiwa mtu mwingine amwangalie, alifungua mkanda akasema mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza. Akarudia hilo la mwisho, hakuna aliyemuuliza.

Mama wa meno akauliza kitu. Leticia akajibu, "Yes. That is him. That is my father."

Sikunywa kahawa ile. Nilikaa nayo mpaka ikapoa.

Saa nne na nusu sasa. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha Dk. Asaad. Jibu la bingwa limekuja, karatasi mbili, nimeziona mashine ikizitoa kabla hajafunga mlango. Anazisoma. Mlango una kioo cha ukungu, naona kivuli chake tu, kimeinama.

Leticia amekuja. Si zamu yake, amevaa gauni la nyumbani, nywele hazijabanwa. Amekaa kando yangu. Bega lake limegusa langu na hajaliondoa. Anaona naandika na haangalii.

Kiti cha daktari kimesogezwa. Anaita jina langu, Eliudi Yona, kwa sauti ambayo siwezi kuisoma ni ya nini.

Leticia amesimama kabla yangu. Nafunga daftari.